Maswali na Majibu: Mashine za Gemu za Zamani Zinazopokea Michezo ya Kuongeza

Toleo lililopita niligusia mashine ndogo za gemu za zamani, zile ambazo mtu huzichomeka kwenye runinga na kuanza kucheza papo hapo. Barua zilizofuata ziliuliza, kila moja kwa namna yake, jambo moja: je, mashine ikishanunuliwa hupokea michezo mingine, au mnunuzi amefungiwa na ile aliyoikuta ndani? Ninajibu baadhi yake hapa.

Shikamoo. Kariakoo nimeonyeshwa kijiti cha HDMI chenye pedi mbili zisizo na waya, nikaambiwa kina michezo 10,000. Kwa idadi hiyo kuna haja gani ya kuuliza kama kinapokea mingine? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Marahaba, mama. Katika yote yaliyoandikwa kwenye boksi lile, idadi ya michezo ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko yote. Vijiti vya aina hiyo huhifadhi michezo yake kwenye memori kadi, na orodha hujazwa kwa kurudiarudia: mchezo uleule huwekwa kwa toleo la Japani, la Marekani na la Ulaya, kisha hurudi ukiwa na jina jingine, kisha hurudi tena ila safari hii mchezaji anaanza na maisha 99. Jioni moja nilikaa na kijiti cha mdogo wangu, nikaukuta mchezo wa Battle City, ule wa vifaru vinavyomlinda tai, mara saba kabla sijachoka kuhesabu. Na sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa michezo ya kamari yenye maandishi ya Kijapani ambayo nyumbani hakuna aliyeweza kuyasoma.

Kwa hiyo haja ipo, tena kubwa. Mchezo ambao watoto wako wanautaka huenda haumo, na kadi inayokuja na kijiti kwa kawaida ni ya bei ya chini kabisa, kiasi kwamba ikifa miezi michache baadaye, kijiti chote kinakuwa pambo. Ukiwa dukani, kitazame ubavuni: kama kuna tundu la kadi, ibonyeze kwa ukucha, nayo inapaswa kuchomoka. Muuzaji akikuambia kwamba haitoki, mrudishie kijiti chake. Vivyo hivyo, usilipie chochote cha ziada kwa sababu ya neno 4K, yaani picha yenye nukta nyingi sana. Gemu za Nintendo za miaka ya 1980 zilichorwa kwa nukta 256 kwa 240, na kijiti kinachofanya ni kuzitanua tu.

Binamu yangu anarudi kutoka Marekani na amekubali kunibebea mashine moja. Kati ya zile ndogo zinazotolewa na kampuni zenye jina, ipi inapokea michezo ya kuongeza bila kumwita fundi? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa mashine hizo zinafanana kwa sura na bei ilhali zimegawanyika makundi mawili yasiyofanana kabisa.

Kundi la kwanza ni la zile zilizofungwa na mtengenezaji mwenyewe. NES Classic Edition ya Nintendo ilitoka Novemba 2016 ikiwa na michezo 30; Super NES Classic ikafuata Septemba 2017 na michezo 21; PlayStation Classic ya Sony ikaja Desemba 2018 na michezo 20; na Mega Drive Mini ya Sega, ambayo Marekani inaitwa Genesis Mini, ilitoka Septemba 2019 na michezo 42. Zote hazina njia rasmi ya kuongeza hata mchezo mmoja. Hata hivyo zilifunguliwa na watu wa nje. Mapema mwaka 2017 mtayarishaji programu wa Urusi, Alexey Avdyukhin, anayejulikana kwa jina la Cluster, alitoa hakchi2, programu ya kompyuta inayopitisha michezo kwa waya uleule wa USB unaoipa NES Classic umeme. Nafasi haikuwa tatizo, kwa kuwa mashine ile ina hifadhi ya megabaiti 512, na mchezo wa Super Mario Bros. ni kilobaiti 40 tu, yaani mdogo kuliko picha moja ya simu. PlayStation Classic nayo ilikuja kufunguliwa kwa flashi inayochomekwa kwenye tundu la pedi. Jambo la kuchekesha ni kwamba hiyo ndiyo iliyolalamikiwa zaidi ilipotoka, kwa sababu pedi zake hazina vijiti vya kuzungusha na baadhi ya michezo yake ni matoleo ya Ulaya yanayokwenda polepole. Lakini kwa wapenda ufundi ikageuka kipenzi, maana bei yake ilishuka upesi na flashi moja huifanya mashine nyingine.

Kundi la pili ni la zile ambazo mtengenezaji mwenyewe aliziachia mlango. Kampuni ya Retro Games ya Uingereza, inayotengeneza mashine ndogo za kuiga kompyuta za kale, ilitoa THEC64 Mini mwaka 2018 ikiwa na michezo 64, THEA500 Mini mwaka 2022 ikiwa na michezo 25, na THE400 Mini mwaka 2024, nayo ikiwa na michezo 25. Hizi unachomeka flashi yenye mafaili yako, unaichagua kwenye menyu, na mchezo unaanza. Kwa THEC64 Mini sharti usakinishe kwanza sasisho jipya, kwa sababu toleo la mwanzo lilikuwa na usumbufu mwingi katika kupokea mafaili. Tena usidanganywe na kibodi iliyo juu yake, ambayo ni umbo tu lisilobonyezeka. Mchezo ukihitaji herufi, utachomeka kibodi ya USB.

Sasa uamuzi. Kwa masharti uliyoyaweka, yaani kuongeza bila fundi, ningechukua THEA500 Mini. Lakini michezo inayoingia humo ni ya kompyuta ya Amiga, si Contra wala Mario, na mtu aliyekulia kwenye gemu za kaseti huenda akaichezea siku mbili kisha akaiweka kabatini. Kama moyo wako uko kwa Nintendo, chukua Super NES Classic, ukubali kutenga jioni moja ya kuhangaika na kompyuta na hakchi2, ambayo huifungua hiyo pia. Siichagui NES Classic kwa sababu ndogo iliyonichosha: waya wa pedi yake una urefu wa sentimita 75 hivi, na mtu mzima hulazimika kukaa sakafuni chini ya runinga kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mwambie binamu yako ajihadhari na kitu kimoja. Zipo mashine za kuiga zenye umbo lilelile la NES Classic, zinazotangazwa kuwa na michezo 620, ambazo hutoa picha kwa waya wa AV. Hizo michezo yake imechomwa kwenye chipu. Hazina kadi, hazina flashi, na hakchi2 haiwezi kuzifanya chochote. NES Classic halisi hutoa picha kwa HDMI tu.

Nimehifadhi kaseti za njano za gemu za miaka ya 1990. Ipo mashine mpya itakayozisoma kwenye TV ya HDMI? (Mstaafu, Tanga)

Ipo, mzee wangu, ila lazima uhesabu meno, yaani vile vipande vya chuma vilivyo kwenye mdomo wa kaseti. Kaseti zile zilitengenezwa kwa ajili ya mashine zilizoiga Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, na zina meno 60. NES iliyouzwa Marekani na Ulaya hutumia meno 72, kwa hiyo mashine yenye tundu la NES peke yake haitazipokea. AVS ya kampuni ya RetroUSB, iliyotoka mwaka 2016, ina matundu yote mawili na hutoa picha kwa HDMI, ingawa bei yake si ya mzaha. Atari 2600+ ya Novemba 2023 inapokea kaseti, lakini ni za Atari 2600 na 7800. Evercade VS ya kampuni ya Blaze nayo ni mashine ya kaseti, ila ni kaseti zake yenyewe, zinazouzwa kwa makusanyo yenye leseni, na kwa mtu anayetaka kuongeza michezo kidogo kidogo bila kugusa kompyuta ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani.

Jihadhari pia na jambo moja kuhusu kaseti zenye michezo mingi ndani yake. Baadhi ya mashine za kisasa, Atari 2600+ ikiwamo, hunakili kwanza kila kilichomo kwenye kaseti kisha huicheza nakala hiyo, na kaseti zisizo za kawaida mara nyingi huzishinda.

Kabla ya yote, zisafishe. Sote tulizoea kuzipuliza, na kumbe pumzi ina unyevu unaoyaharibu yale meno. Chukua pamba ya masikioni, ichovye kwenye spiriti ya duka la dawa, sugua meno taratibu mpaka pamba itoke bila weusi, kisha acha kaseti ikauke.

Nimenakili mafaili ya gemu kwenye kadi ya kijiti changu, lakini hayaonekani kwenye menyu. Ninakosea wapi? (Mwanafunzi, Kisumu)

Huenda hukosei popote. Vijiti vingi havisomi folda moja kwa moja. Vina faili la orodha lililoandaliwa kiwandani, na mchezo usiotajwa humo hauonekani hata ukiwa mahali pake. Tazama kama menyu ina sehemu ya michezo iliyopakuliwa au folda iliyotengwa kwa ajili ya mtumiaji, kwa kuwa hapo ndipo mlango ulipo. Kisha angalia kiishio cha jina la faili: mchezo wa NES huishia na .nes, wa Super Nintendo na .sfc, na wa Game Boy Advance na .gba, nao ukiwekwa kwenye folda isiyo yake hautafunguka. Michezo ya PlayStation mara nyingi huja na mafaili mawili, la .cue na la .bin, na yote mawili sharti yakae pamoja bila kubadilishwa majina, maana la kwanza humtaja la pili kwa jina.

Lililo muhimu kuliko hayo ungepaswa kulifanya kabla ya kugusa kitu: ingiza kadi kwenye kompyuta, nakili kila kilichomo, hata mafaili usiyoyaelewa, kisha uhamishie kwenye kadi mpya ya kampuni inayoaminika na utumie hiyo. Vijiti vingi hutaka kadi iwe imefomatiwa kwa FAT32, ambayo ni namna mojawapo ya kupanga mafaili kwenye kadi, wakati Windows hupendekeza exFAT kwa kadi ya gigabaiti 64, na kijiti kikikutana na exFAT huenda kikaonyesha skrini nyeusi tu.

Fundi wa mtaani anasema niachane na vyote hivi, ninunue Raspberry Pi. (Msomaji, Arusha)

Anasema kweli, lakini hakusema yote. Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya bodi moja, na Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ikiwekewa Batocera, Recalbox au RetroPie, ambazo ni programu za bure, hupokea michezo ya mashine nyingi kuliko yoyote niliyoitaja. Ila huja mtupu, bila mchezo hata mmoja, bila pedi, bila kadi, bila boksi na bila chaja, na tundu lake la picha ni micro-HDMI, kwa hiyo hata waya ulio nao nyumbani hautaingia. Mwombe fundi akuandikie gharama ya kila kipande ndipo ulinganishe.

Michezo hii ya kuongeza ni halali? (Mwalimu, Dodoma)

Mingi si halali. Uzee wa mchezo hauondoi haki ya mwenyewe: Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina yake ya mwaka 2001, na programu za kompyuta zinalindwa. Wanaojaza maelfu ya michezo kwenye kijiti kimoja hawakumwomba mtu ruhusa. Lakini wapo watunzi wa leo wanaoandika michezo mipya kwa ajili ya mashine za kale na kuuza faili lenyewe. Micro Mages ya mwaka 2019 ni mchezo wa NES wa wachezaji wanne, uliobanwa ndani ya kilobaiti 40 kama Super Mario Bros., na Xeno Crisis iliandikwa kwa ajili ya Mega Drive. Tobu Tobu Girl ya Game Boy hutolewa bure kabisa. Mimi ningeanzia hapo, na si kwa sababu ya sheria peke yake, kwani Micro Mages ni nzuri kuliko nusu ya vilivyomo kwenye vijiti.

TV yetu ni ya chogo na mashine ni ya HDMI. Tena nikiichomeka kwenye TV ya jirani, inajizima katikati ya mchezo. (Msomaji, Unguja)

Kwa TV ya chogo unahitaji kiboksi cha kubadili HDMI kuwa AV. Soma maandishi juu yake kabla ya kulipa, kwa sababu kile cha kubadili AV kuwa HDMI kinafanana nacho kama pacha na hakifanyi kazi kinyumenyume. Kuhusu kujizima, nadhani umeme umechukuliwa kutoka kwenye tundu la USB la TV, ambalo mara nyingi hutoa milliampea 500, nusu ya ampea moja ambayo mashine nyingi za namna hii huitaka. Tumia chaja ya simu ya volti 5.

Na kama kwa jirani mnabonyeza kuruka halafu mchezaji anaruka akiwa ameshatumbukia shimoni, ingieni kwenye mipangilio ya picha ya TV hiyo, muwashe kipengele cha Game.