Gari la dizeli likikosa nguvu, usianze na pampu

Wenye magari ya zamani ya dizeli hapa Mombasa tuna lalamiko moja. Gari linazunguka mjini bila shida, Tudor hadi Nyali halina neno, lakini likipita Miritini na kuanza kupanda Mazeras, linachoka. Unakanyaga mafuta, haliitikii. Ukifika gereji jambo la kwanza unaloambiwa ni kwamba pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, imekufa. Pampu ndiyo kifaa ghali kuliko vyote katika njia ya mafuta, na mara nyingi ni nzima kabisa. Kama uko karibu kutoa hizo pesa, subiri kidogo.

Nina pikapu ya dizeli ya miaka ya tisini, injini isiyo na turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi) wala kompyuta. Ilipoanza kuchoka mlimani, mafundi wawili waliihukumu pampu bila kufungua boneti. Wa tatu, mzee mmoja wa Changamwe, aliniambia, "Mwanangu, washa kwanza nione moshi wake." Tangu siku hiyo naanzia hapo.

Moshi mweusi mzito maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Fungua kasha la filta ya hewa. Hapa kwetu, vumbi la barabara za ndani likichanganyika na unyevu wa bahari hugeuka tope na kuziba filta upesi. Kama gari lina turbo, pitisha mkono kwenye mipira mikubwa ya hewa, hasa upande wa chini, utafute ufa au mafuta yaliyoganda. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweupe injini ikiwa imeshapata moto unaelekeza kwenye nozeli (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini) au taiming (wakati wa kuinyunyiza), na kama maji ya rejeta yanapungua pia, kwenye gasketi ya kichwa. Lakini gari likikosa nguvu na lisitoe moshi wowote hata ukilikanyaga hadi mwisho, basi mafuta hayafiki ya kutosha. Hali hiyo ndiyo inayosingiziwa pampu kila siku, kwa hiyo nitakaa nayo.

Anza na vitu visivyogharimu hata shilingi. Injini ikiwa imezimwa, mwambie mtu akanyage mafuta hadi chini huku wewe unatazama kile kiwiko kwenye pampu kinachovutwa na kebo ya mafuta. Kinafika mwisho wake? Kebo iliyolegea inakuibia nguvu na hakuna anayeishuku. Kisha endesha kidogo, simama, ukaribishe mkono kwenye rimu za magurudumu yote. Rimu moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki inashika, na injini haina kosa.

Halafu fungua kifuniko cha tanki baada ya mwendo mrefu. Ukisikia tanki likivuta pumzi kwa nguvu, tundu lake la hewa limeziba na pampu inashindana na ombwe.

Sasa filta ya dizeli. Nyingi zina bomba dogo la kumwagia maji chini yake. Weka chupa ya plastiki, legeza, acha mafuta yatoke, uitulize chupa. Maji yatakaa chini na dizeli juu, na mpaka kati yao utauona kwa macho. Kwa unyevu wa pwani hii, tanki linalolala nusu tupu hukusanya maji, kwa hiyo mimi hulijaza jioni kuliko asubuhi. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo ni adui. Mchezo huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Pampu za zamani hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo.

Filta ikiwa mpya na shida bado ipo, tafuta hewa. Katika injini nyingi za aina hii mafuta yanavutwa kutoka tangini, hayasukumwi. Ndiyo maana mpira uliopasuka hauvuji chini. Unaingiza hewa tu, kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija wenye ufa. Badilisha kipande cha mpira kabla ya pampu kwa mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, washa, upandishe mwendo wa injini. Nilitazama wangu vipovu vikipita kimoja baada ya kingine, na injini ilipovuma zaidi vikawa mnyororo. Ili kujua hewa inaingilia wapi, nilifunga vizuri kijerikeni cha dizeli safi mbali na ekzosi, nikaingiza humo mpira wa kuvuta na wa kurudisha. Vipovu vikatoweka, na gari likapanda Mazeras kwa gia ya nne. Tatizo lilikuwa bomba la chuma juu ya tanki, limeliwa na kutu pale linapofungwa na klempu.

Vipimo hivi ni vya mifumo ya zamani. Gari lako likiwa la komonreli (mfumo wa kisasa wa presha kubwa unaoongozwa na kompyuta), usilegeze bomba lolote la nozeli injini ikiwaka. Presha yake hupita baa 1,000 na mafuta hutoboa ngozi.

Tukiacha nguvu za injini, kuna kifaa kingine kinachosahaulika: feni ya hita, ambayo watu huipuuza kwa sababu hakuna anayewasha hita Mombasa. Lakini ni hiyo hiyo inayopuliza AC, ndiyo inayofuta ukungu kiooni mvua za masika zikishuka, na injini ikianza kuchemka mlimani, hita na feni vikifunguliwa hadi mwisho hupunguza moto, kwani hita ni rejeta ndogo ndani ya dashibodi.

Feni ikipuliza namba ya mwisho tu, mota ni nzima, resista (kifaa kinachopunguza kasi ya feni) imeungua. Isipopuliza kabisa, tazama fyuzi na rilei (swichi ya umeme), kisha pima umeme kwenye soketi ya mota. Umeme ukifika na mota imelala, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zimeisha. Usisahau waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, maana chumvi ya bahari huula kimyakimya. Feni ikiwa imewashwa hadi mwisho, pima kati ya waya huo kwenye mota na hasi ya betri. Ukipata zaidi ya nusu volti, safisha pale unapofungwa kwenye bodi.

Na kabla ya kufunga resista mpya, uliza kwa nini ya zamani iliungua. Ondoa majani ya mwarobaini yaliyoingia chini ya kioo cha mbele, zungusha feni kwa kidole uhakikishe ni nyepesi, maana mota nzito huvuta umeme mwingi. Soketi ikiwa imebadilika rangi au kuyeyuka, ibadilishe pamoja na resista, la sivyo mpya itaungua palepale.