Dawa ya chunusi na kichwa kisichoacha kuuma: anza na jina la dawa

Ukiwa kwenye dawa ya chunusi na mwili ukaleta dalili usiyoizoea, kitu cha kwanza ni kujua unameza nini hasa. Dawa nyingi tunapewa kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x1 na basi. Rudi dukani, omba boksi, usome jina lililo chini ya jina la biashara. Omba pia karatasi ya maelezo iliyokuja nayo.

Mdogo wangu ninayeishi naye hapa Uyole aliandikiwa doxycycline ya miligramu 100, kidonge kimoja kwa siku. Uso ulianza kutakata vizuri. Halafu kichwa kikaanza kumsumbua, zaidi asubuhi na akiinama kufua. Nyumbani kila mtu alikuwa na lake: baridi ya Juni, malaria, mawazo ya mitihani. Mimi nilishtuka aliposema kwamba akiinuka, macho yanafifia kwa sekunde chache, na masikioni anasikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo.

Kwenye ile karatasi, katika madhara ya nadra, lilikuwepo: kupanda kwa shinikizo la maji yanayozunguka ubongo. Doxycycline ni ya kundi la tetracycline, na kundi hilo, pamoja na minocycline inayotibu chunusi pia, linajulikana kwa jambo hilo. Isotretinoin, dawa nyingine ya chunusi isiyo ya kundi hilo, nayo inaweza kuleta hali hiyo, ndiyo maana hairuhusiwi kutumika pamoja na dawa za tetracycline. Hata vitamini A ikizidi huleta hali hiyo. Nadra, kwa hesabu ya karatasi hizo, ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Wanaomeza bila shida ni wengi mno.

Kuandikwa huko hakutoshi kuihukumu dawa. Tulikaa tukaandika tarehe: alianza lini kumeza, kichwa kilianza lini, na kila kitu kingine alichotumia, hadi vidonge vya vitamini alivyopewa na rafiki. Maumivu yakitangulia dawa, tafuta sababu kwingine. Yakija baada ya dawa, kisha yakapungua ilipoachishwa, shaka ina uzito.

Kwenye intaneti ipo VigiAccess ya Shirika la Afya Duniani. Ukiandika jina la dawa, inakuonyesha taarifa za madhara zilizotumwa kutoka nchi mbalimbali. Itazame, ila usipige nayo hesabu ya hatari yako: zile ni shaka zilizoripotiwa, na idadi ya waliomeza dawa wakabaki wazima haimo.

Kinachoamua ni vipimo. Daktari wa macho alimulika nyuma ya jicho akaona mshipa wa fahamu umevimba. Dawa ikasimamishwa siku hiyohiyo, akapewa rufaa kwa vipimo zaidi. Kichwa kilitulia taratibu na anaona vizuri. Ninalisisitiza hili kwa moyo wote: macho yakififia au ukiona vitu viwili viwili, nenda hospitali leo. Shinikizo hilo likiachwa linaweza kukuondolea uwezo wa kuona moja kwa moja.

Kisha toa taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini ina ofisi hapa Mbeya. Mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti, na shaka tu inatosha. Muuzaji akuandikie namba ya toleo (Batch No.) iliyo kwenye boksi, kwa sababu kwenye kibahasha huipati.