Jibu: Macintosh SE haioni Zip wala CD

Mkuu, umesema diski ya ndani ya Macintosh SE yako (kompyuta ya zamani ya Apple) inafanya kazi vizuri ikiwa peke yake, ila ukiunga Zip (kifaa cha kusoma diski za Zip) kisha kisomaji cha CD kwa nyuma, vyote vinapotea. Kabla hujatupa kebo, kagua teminata, yaani vifungio vya ncha za waya.

Mnyororo wa SCSI (njia ya zamani ya kuunga vifaa kwenye kompyuta, kimoja baada ya kingine) unafungwa kwenye ncha mbili tu. Ncha moja ni diski yako ya ndani, ambayo kwa kawaida ina teminata zake: vile vipande vidogo vya rezista kwenye bodi ya diski. Ncha nyingine ni kifaa cha mwisho huko nje, yaani CD. Usipoifunga, mawimbi yanagonga mwisho wa waya na kurudi kama mwangwi. Sasa geuza Zip uangalie swichi ya teminata. Nadhani imewashwa, na kwa kuwa iko katikati inatakiwa izimwe.

Halafu namba za SCSI: kila kifaa kiwe na yake. Mac yenyewe ni 7, diski ya ndani 0, Zip inakupa 5 au 6 tu. CD iweke 3. Mimi niliwahi kupoteza mchana mzima kwa vifaa viwili vyenye 5! Namba haifuati mpangilio wa kebo, usihangaike na hilo.

Zima kila kitu kabla ya kuchomoa au kuchomeka, hii si USB. Washa vya nje kwanza, Mac mwisho. (Ingekuwa Macintosh Plus, isiyo na diski ya ndani, ningekujibu tofauti.)