Gavana fisadi na wakili mwenye tamaa ya ukonsuli: sheria ya Roma inasemaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya Roma ya kale, mwaka 70 KK. Shujaa wangu ni wakili wa miaka 30 asiye na ukoo wenye jina. Mwendesha mashtaka wa serikali anamkamata gavana aliyepora jimbo, akiwa bado madarakani. Shujaa anapewa kesi, anashinda, na mwaka unaofuata yeye ni konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa Roma waliochaguliwa kila mwaka. Rafiki aliyesoma rasimu anasema sheria ya Kirumi isingeruhusu. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi, na marekebisho yenyewe yatakupa kisa kikali kuliko ulichonacho.

Kwanza mfute mwendesha mashtaka. Roma haikuwa na ofisi ya namna hiyo. Kesi ya jinai ilifunguliwa na raia aliyekwenda mwenyewe kwa pretori, ofisa wa ngazi ya pili kwa konsuli aliyesimamia mahakama. Wakijitokeza wawili, waamuzi walisikiliza kwanza nani apewe haki ya kushtaki. Hapo ndipo siasa ilipoingia mahakamani, maana kijana aliyetaka kujulikana alimtafuta mkubwa wa kumshtaki. Caesar alimshtaki Dolabella, aliyekuwa gavana wa Macedonia, mwaka 77 KK, akiwa na miaka 20 na kitu. Alishindwa, lakini sifa ya ufasaha wake ilienea. Ada ya uwakili nayo ilipigwa marufuku tangu 204 KK, kwa hiyo malipo ya shujaa wako yawe fadhila, marafiki na kura.

Gavana naye hashikiki mpaka akabidhi madaraka. Usiione hiyo kama kikwazo. Mwache apore huku wananchi wa jimbo wakihesabu siku.

Mwaka uliouchagua ndio wa kesi ya Verres, gavana aliyeitafuna Sicily miaka mitatu. Cicero, wakili wa miaka 36 aliyemshtaki, aliomba siku 110 za kukusanya ushahidi, akarudi na mashahidi na nyaraka baada ya siku kama 50. Upande wa utetezi ulikuwa umeshapiga hesabu zake. Hortensius, wakili wa Verres, alikuwa amechaguliwa konsuli wa mwaka 69, na rafiki yao mmoja alikuwa ameangukiwa na kura ya kuisimamia mahakama hiyohiyo kama pretori. Kesi ikivuka mwaka, Verres amepona. Na kesi ilianza Agosti, sikukuu za michezo zikiwa zimekaribia kusimamisha vikao. Cicero akaiacha hotuba ndefu ya ufunguzi, iliyokuwa fahari ya kila wakili, akaita mashahidi moja kwa moja. Verres aliondoka kwenda Massilia (Marseille ya leo) hata kabla ya hukumu. Hofu ya namna hii, ya kalenda tu, naiona kali kuliko mapigano ya panga. Itumie.

Ukonsuli wa miaka 31 hauwezekani. Kwa kanuni alizozikaza dikteta Sulla mwaka 81 KK, mtu alianza ukwestori, ngazi ya kwanza ya uongozi, akiwa na miaka 30, upretori 39, ukonsuli 42. Cicero mwenyewe aliingia ukonsuli Januari 63 KK, akiwa na miaka 42. Utaniambia jenerali Pompey alikuwa konsuli mwaka 70 akiwa na miaka 35, tena bila kupitia ngazi yoyote ya chini. Ni kweli. Seneti ilimwondolea sharti, na nyuma yake palikuwa na jeshi. Shujaa wako hana jeshi. Basi mpe ukwestori, au uivute hadithi ifike mwaka 63.

Ukiivuta, usikose mtego wa mwisho. Aliyeshinda uchaguzi aliweza kushtakiwa kwa rushwa kabla ya kuapishwa. Mwaka 66 KK makonsuli wateule wote wawili walitiwa hatiani, na viti vyao wakapewa wapinzani waliosaidia kuwashtaki. Mwaka 63 Murena, konsuli mteule, alishtakiwa na Servius Sulpicius, mgombea aliyekuwa amemshinda katika uchaguzi. Aliyesimama kumtetea ni Cicero, ambaye mwaka huohuo alikuwa amepitisha sheria ya kumpeleka mnunuzi wa kura uhamishoni miaka 10. Murena akaachiwa.

Kwa hiyo usiku shujaa wako anaposherehekea ushindi, mwenzake aliyeshindwa awe tayari anatafuta mashahidi. Sura hiyo ukiimaliza nitumie, hasa ukurasa wa mashahidi, niupitie kabla hujaendelea.