Fonti nene iliyochakazwa: mbona makovu yanajirudia?

SWALI: Ninasanifu bango la tamasha, pamoja na fulana na stika zake. Kichwa, MAANDALIZI YA TAMASHA, nimekiandika kwa fonti nene yenye mikwaruzo, ile inayofanana na machapisho ya zamani. Kwenye kompyuta inavutia, ila kuna kitu kinaonekana cha bandia na sikijui ni nini. Kwenye fulana mikwaruzo mingi imeziba, maelezo madogo hayasomeki, na fundi wa stika amekataa kuikata. Kosa ni la fonti au ni langu?

JIBU: Ninyi wawili mmegawana. Tuanze na hicho cha bandia, maana ndicho kinachowasumbua wengi.

Kuza MAANDALIZI mpaka ijaze skrini, kisha zitazame A mbili zilizofuatana. Pengo lililoko kwenye mguu wa kwanza liko vilevile kwenye wa pili, mahali palepale, kwa umbo lilelile. Fonti ya kawaida huhifadhi umbo moja kwa kila herufi, kwa hiyo kovu nalo hurudi kila herufi inaporudi. Kiswahili hulianika jambo hili haraka: hesabu A zilizomo kwenye kichwa chako peke yake.

Enzi za herufi za mbao, yaani vipande vya mbao vilivyochongwa herufi za kuchapia mabango, hali haikuwa hivyo. Darius Wells wa New York alitoa katalogi yake ya kwanza ya herufi hizo mwaka 1828, kwa kuwa herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na uso wake haukupoa sawasawa. Mpanga chapa aliyehitaji A mbili alichukua vipande viwili vya mbao, na kila kimoja kilikuwa kimegongwa kivyake. Kingo zilimeguka, pembe zikalika, na pale uso ulipobonyea wino ulifika kidogo, likabaki baka. Ukichagua fonti, tafuta uharibifu wenye sababu ya namna hiyo. Nyingi za bure zimenyunyiziwa vidoa tu kila mahali, na jicho huhisi kasoro hata kama mdomo haujui kuieleza.

Fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu huja na A mbili tatu zilizochakaa tofauti. OpenType, mfumo wa faili unaotumiwa na fonti nyingi za leo, una kipengele kinachoitwa calt, ambacho huzipokezanisha herufi hizo chenyewe unapoandika. Hakikisha programu yako imekiwasha. (Wasanifu wa fonti Erik van Blokland na Just van Rossum walikwenda mbali zaidi: fonti yao ya Beowolf ilibadilisha kingo za herufi kibahati kila ilipochapwa.) Kama yako haina mbadala, hifadhi nakala ya maandishi, geuza kichwa kiwe maumbo ya vekta (michoro ya mistari unayoweza kuihariri, si maandishi tena), ziba kovu la A ya pili na utoboe jipya kwingine. Unapotoboa, usiguse viungo vinavyoitambulisha herufi: E ikikosa kitako imekuwa F, R ikikosa mguu imekuwa P.

Kuhusu mikwaruzo kuziba kwenye fulana, fanya hesabu. Fonti nyingi huchorwa kwenye mraba wa uniti 1000, na mraba huo ndio unaokuzwa kufikia saizi ya pointi unayochagua (pointi moja ni kama milimita 0.35). Tundu la upana wa uniti 5, ukiandika kwa pointi 300, lina takriban nusu milimita. Kwa pointi 72 linabaki milimita 0.13, na kwa pointi 24 ni 0.04, wino ukitanuka kidogo tu, limefukiwa. Kwenye kitambaa mimi sishuki chini ya nusu milimita, na hata hapo naomba fulana moja ya majaribio kwanza. Matundu madogo kuliko hayo yafute yote, ubakize makubwa machache. Herufi nene ina nyama ya kutosha, haitaonekana tupu.

Ukichapa maandishi meupe kwa kuacha karatasi ionekane katikati ya wino mweusi, mambo hugeuka. Yale matundu sasa ndiyo vidoa vya wino, na wino unapotanuka vinakua na kuila herufi kutoka ndani. Toleo hilo lipunguzie uchakavu, usilitumie faili lilelile.

Maelezo madogo, yaani tarehe, saa na kiingilio, yaondoe kabisa kwenye fonti hii. Yaandike kwa fonti safi isiyo na mikia, na usijaribu kuichakaza ili ifanane na kichwa.

Fundi wa stika ana haki. Kisu cha mashine yake hufuata kila mstari wa vekta, na herufi moja ya aina hii inaweza kuwa na mamia ya visiwa vidogo, ambavyo baada ya kukatwa lazima ving'olewe kwa kibano kimoja kimoja. Mpelekee kichwa kwa fonti nene safi ya familia ileile, au umwombe aichape stika kwa rangi na kukata mzunguko wa nje peke yake. Ningechagua hilo la pili, kwa sababu uchakavu wote unabaki.

Kabla hujapeleka lolote kiwandani, andika NG'OMBE kwa fonti hiyo. Fonti nyingi za mapambo hazina alama ya ritifaa, na programu huazima ya fonti nyingine bila kukuambia: alama safi, nyembamba, katikati ya herufi zilizomeguka. Soma pia leseni yake. Ikiwa imeruhusu matumizi binafsi tu, fulana za kuuza hazimo.