Hesabu miguu kwanza, dawa baadaye

Msimu wangu wa pili wa kufuga nyuki nilipoteza mzinga mzima kwa sababu ya kadudu kanakotoshana na punje ya ulezi. Nilikuwa nakagua masega jioni, nikamwona malkia ana vidoa vitatu vya rangi ya kahawia mgongoni. Moyo ukanilipuka: varoa, utitiri anayeshambulia nyuki! Nilishasikia kwamba alibainika Kenya na Tanzania mwaka 2009, na jinsi anavyowatesa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Duka la pembejeo wakaniuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Siku ya tatu mzinga mtupu, nyuki wamehama. Asali nikaifukia, maana nani angethubutu kuila?

Kumbe wale walikuwa chawa wa nyuki tu.

Jina la chawa lisikuchanganye. Huyu ni jamaa ya inzi aliyepoteza mabawa. Ana miguu sita. Hukaa juu ya mgongo na kichwa cha nyuki, na nyuki akilishwa, yeye hutambaa hadi mdomoni kudokoa. Ndiyo maana humpenda malkia, anayelishwa kila saa. Damu hanyonyi. Uharibifu wake utauona kwenye vifuniko vya asali, ambako funza wake huchimba vijia vyembamba.

Varoa ni utitiri, ndugu wa kupe: miguu minane, bapa kama kaa, upana milimita 1.6 na urefu 1.1. Mara nyingi hujibana chini ya tumbo, katikati ya mapingili, kwa hiyo usitegemee kumwona kwa kutupa jicho tu. Kioo cha kukuzia mara kumi kinatosha. Kamera ya simu yangu ilinipa ukungu mtupu.

Ukitaka uhakika, kung'uta nyuki nusu kikombe kutoka kwenye sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki (nusu kikombe ni kama nyuki 300), ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa ya mdomo mpana, funika kwa wavu wa matundu ya milimita 3. Chandarua cha mbu hakifai, kinawazuia wadudu wasipite. Ongeza vijiko viwili vya sukari ya unga laini ya kupambia keki, viringisha, subiri dakika mbili, kisha pindua chupa uitikise juu ya sahani nyeupe yenye maji. Sukari itayeyuka, wadudu watabaki wakielea. Nyuki warudishe nyumbani, wenzao watawalamba.

Mwaka jana nilipata varoa wanne. Sikutia dawa, nyuki wetu wa Kiafrika wanamvumilia kuliko wale wa Ulaya. Nilichofanya ni kufungua vyumba vya majana ya dume, vile vyenye vifuniko vilivyotuna, ambamo varoa hupenda kuzalia. Buu la kwanza nililochomoa kwa uma lilikuwa jeupe kama maziwa, na ubavuni limegandwa na kidoa chekundu kinachotembea upande upande.