Oili nyuma ya injini: anzia juu

Mkuu, umesema Hilux yako inavuja oili nyuma ya injini na fundi anataka kushusha gia boksi abadilishe sili ya krenki (mpira unaozuia oili nyuma ya injini). Usishushe bado. Kwenye Hilux za zamani zenye injini ya dizeli iitwayo 3L, oili inayodondokea pale injini inapoungana na gia boksi mara nyingi imeanzia juu, kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini). Mpira unakauka kwa joto, oili inateremka kwa nyuma, na fundi anaisingizia sili ya krenki. Ndiyo kazi yetu hapa gereji Nyakato, Mwanza, tunaziona sana.

Osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto sehemu ya nyuma, washa injini gari likiwa limeegeshwa, mulika na tochi. Mstari mweusi utakuonyesha chanzo. Ukibadilisha gasketi, usizibe nyufa kwa silikoni wala kukaza bolti kwa nguvu zote. Kava linapinda, kisha linavuja zaidi. Angalia pia bomba la kupumulia la injini (linalotoa hewa na mvuke wa ndani), likiziba presha inasukuma oili nje popote palipolegea.

Ila kama juu ni pakavu kabisa, hapo fundi wako yuko sahihi, na gia boksi ikishuka kagua klachi pleti hapohapo. Oili inayovuja inanuka vikali kama kiberiti? Hiyo ni oili ya gia boksi, siyo ya injini.